Barua ya wazi kwa wasimamizi wa programu yetu ya uzamivu: ushiriki tunaoutafiti uanzie kwetu

Kwa:
Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma na Utafiti),
Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Utafiti.

YAH: KUSHIRIKISHWA KWA WATU WENYE ULEMAVU KATIKA PROGRAMU YA UZAMIVU INAYOTAFITI ULEMAVU, AFYA NA USHIRIKI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Huu ni mwaka wangu wa nne katika programu yenu. Kabla ya kuja kwenu nilikuwa mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini, mpaka basi nililopanda likapinduka na uti wangu wa mgongo ukaumia. Tangu hapo natumia kiti mwendo. Utafiti wangu unawafuata watu walioumia kama mimi katika vijiji vya Mkuranga na Kibiti. Wengine walipata ajali za bodaboda, wengine walidondoka kwenye minazi na miembe. Hospitali iliwaruhusu, wakarudi nyumbani. Ninachotaka kujua ni kama wamerudi katikati ya watu au wamerudi kitandani tu.

Jina la chuo nimeliacha makusudi. Ninyi mnajijua, na sitaki wanaofanya mambo kama haya kwenye vyuo vingine wasome barua hii wakidhani haiwahusu. Nimeshawaandikia mara tatu. Nakala ya barua ya kwanza ninayo, ina muhuri wa masijala. Ya pili nilijibiwa kwa simu kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Ya tatu haikujibiwa kabisa. Msimamizi wangu amenitetea kila alipoweza, naomba asibebeshwe lawama kwa barua hii. Nimeiandika mwenyewe, kwa hiari yangu, baada ya kukosa mlango mwingine wa kubisha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Chumba cha kutetea andiko la utafiti

Siku ya kutetea andiko langu nilipangiwa chumba cha ghorofa ya pili, katika jengo lisilo na lifti. Nilikuwa nimewaeleza wiki mbili kabla. Nilipofika, waliitwa walinzi wawili. Mmoja alinishika chini ya makwapa, mwingine akanishika magoti, na kiti changu kikaletwa nyuma na mfanya usafi. Katikati ya ngazi gauni langu lilipanda, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshikilia shingo ya mlinzi. Nisingeweza kulishusha. Wajumbe wawili wa jopo walikuwa wanapanda nyuma yetu.

Nikaingia, nikawekwa kitini, nikaanza kueleza maana ya ushiriki.

Wakati wa kushuka nilipita mbele ya darasa la chini, mlango wake mpana, viti vimepangwa, halina mtu. Niliuliza. Lilikuwa wazi tangu asubuhi. Walinzi wale walinihurumia na walinibeba kwa heshima, sina neno nao. Neno langu ni kwa aliyepanga ratiba akijua.

2. Saini ya ndugu

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo naomba mnivumilie niliseme kwa urefu.

Kamati ya Maadili iliandika kwamba washiriki wangu wote ni "kundi lililo hatarini", na kwamba pamoja na ridhaa yao wenyewe, kila mmoja lazima asainiwe fomu na mlezi au ndugu wa karibu. Watu hawa ni watu wazima. Wana wake, waume, watoto, wana kadi za mpiga kura. Walichoumia ni uti wa mgongo.

Mshiriki wangu wa sita alikuwa mzee wa miaka 52, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilimkuta barazani amekaa kwenye mkeka juu ya godoro. Kiti mwendo chake kilikuwa kimetundikwa kwenye boriti kwa kamba, kwa sababu magurudumu madogo ya mbele yanazama mchangani na hakuna anapoweza kwenda nacho. Mlango wa choo niliupima: sentimita 58. Kiti kina sentimita 64. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, tukazungumza habari za mvua na za vidonda vya kulalia, ambavyo sote wawili tunavijua. Kisha nikamsomea fomu. Nilipofika kwenye mstari wa mlezi alinisimamisha akasema, "Mwanangu, kilichovunjika ni mgongo. Kichwa hakikuvunjika."

Ndugu wa karibu ni mdogo wake, wanaishi boma moja. Akaitwa, akaelezwa, akasaini, akakaa. Hakuondoka, na ni kwake pia, ningemwambia nini? Niliporudi siku nyingine bila fomu, kwa salamu tu, ndipo mzee aliponieleza alichokuwa nacho moyoni: tangu aanguke, mdogo wake ndiye anayeangua nazi za shamba lao na kuziuza, na hakuna anayemwuliza yeye chochote. Kikao cha familia kinafanyika nyuma ya nyumba, yeye yuko mbele. Hilo ndilo jibu la swali langu zima la utafiti, na siwezi kulitumia, kwa sababu halikusemwa ndani ya mahojiano. Kwenye mahojiano, mdogo mtu akiwa pembeni, mzee alisema wanaishi vizuri. Nina dakika 40 za sauti yake akisema wanaishi vizuri.

Waheshimiwa, masharti yenu yaliwekwa ili kumlinda. Yamemkabidhi kwa mtu aliyekuwa anamwogopa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha, na anayehitaji msaada wa kufanya uamuzi apewe msaada, si kunyang'anywa uamuzi. Tamko la Helsinki, yaani tamko la Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, ambalo Kamati hulinukuu katika kila barua yake, lilifanyiwa marekebisho Oktoba 2024, na sasa linataka madhara ya kumwacha mtu nje ya utafiti yapimwe pamoja na madhara ya kumwingiza. Katika marekebisho hayohayo waliliacha neno la zamani la anayefanyiwa utafiti, wakachukua neno lenye maana ya mshiriki. Fomu zetu za Kiswahili zimekuwa zikimwita mshiriki siku zote. Basi aitwe hivyo na atendewe hivyo, asaini mwenyewe.

Niliambiwa masharti haya yanatoka juu, ngazi ya taifa. Niliomba kwa maandishi nionyeshwe kifungu. Mpaka leo sijaonyeshwa.

3. Kipimo cha ushiriki

Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limetupa mfumo wa kuuelewa ulemavu ambao haukomei kwenye mwili: kuna mwili na viungo vyake, kuna shughuli mtu anazoweza kufanya, kuna ushiriki, yaani kuhusika kwake katika maisha, na kuna mazingira yanayomsaidia au kumzuia. Mnaufundisha vizuri mfumo huo. Tatizo linaanza tunapoingia uwanjani kuupima ushiriki wenyewe.

Jopo lilinitaka nitumie kipimo kimoja kilichotungwa nje na kuthibitishwa nje, nisiongeze swali hata moja. Kinauliza kuhusu ajira, michezo, burudani, safari, matumizi ya fedha. Hakiulizi msiba. Nani kati yetu anaweza kueleza maisha ya kijiji cha Pwani bila msiba? Nimewahoji wanaume ambao wamezikiwa mama zao wakiwa wamebaki barazani, kwa sababu njia ya makaburini ni ya mchanga na vichaka na hakuna aliyefikiria kuwabeba. Mmoja alisikia udongo ukidondoka, kwa sababu makaburi yako karibu. Hilo kipimo changu hakina kisanduku cha kuliandika. Lingeingia labda kwenye burudani, na mimi siko tayari kuliandika hapo.

Mfano mwingine. Mama mmoja ni mwanachama wa kikoba. Kila wiki mwanawe anapeleka shilingi 2,000 za hisa, daftari linaonyesha hajakosa. Kwa kipimo, mama huyu anashiriki kikamilifu katika mambo ya fedha ya jamii yake. Ukweli ni kwamba tangu aumie hajakaa kwenye kikao hata kimoja, hajapiga kura ya kuchagua mweka hazina, na mkopo wa mwisho aliombewa na shemeji yake bila yeye kuulizwa kiasi. Fedha zake zinashiriki. Yeye hayupo.

Sikatai vipimo vya kimataifa. Nataka kazi yangu isomwe na watu wa mbali, na najua faida ya kulinganisha. Niliomba vitu viwili tu: nikitafsiri kipimo, tafsiri ikaguliwe na wenye ulemavu wenyewe, si wataalamu wa lugha peke yao, na niruhusiwe kuongeza maswali yaliyotoka vijijini, kuhusu msiba, ibada, vikao vya ukoo, ngoma na vikoba, yachambuliwe kando. Nilijibiwa kwamba hilo litapunguza ubora wa kisayansi. Sijaelezwa ni ubora gani unaopotea pale swali la kweli linapoulizwa.

4. Watafiti wenza na fedha

Katika andiko langu kuna watafiti wenza watatu, wote watu wenye ulemavu kutoka wilaya hizo. Chuo kilipenda sana kipengele hicho. Kiliingizwa hata kwenye taarifa kwa wafadhili.

Mmoja wao hawezi kusafiri bila msaidizi, na mabasi ya njia yake hayapakii kiti mwendo, kwa hiyo anakodi bajaji. Fomu ya safari ina nafasi ya msafiri mmoja. Kitengo cha fedha kikakataa nauli ya msaidizi, kisha kikataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kutoka kwa dereva wa bajaji wa kijijini. Nililipa mfukoni mwangu mara nne. Mara ya tano sikuwa nazo, na kikao cha uchambuzi kilifanyika bila yeye. Jina lake limebaki kwenye taarifa.

Mmetufundisha ninyi wenyewe, muhula wa kwanza, kisa cha Le Court, nyumba ya kutunzia watu wenye ulemavu kule Hampshire, Uingereza. Miaka ya 1960 wakazi wa nyumba ile, watu wenye ulemavu waliokuwa wanadai kujiamulia mambo yao, waliwakaribisha watafiti wakitumaini watawaunga mkono. Taarifa ilipochapishwa mwaka 1972, wakazi waliona imewapa kisogo. Paul Hunt, aliyewahi kuishi humo, Septemba mwaka huohuo aliandika barua katika gazeti la The Guardian akiwaita wenzake waunde umoja wao wenyewe. Miaka 20 baadaye, mwaka 1992, Mike Oliver, profesa aliyekuwa akitumia kiti mwendo, aliandika kwamba shida kubwa ya utafiti wa ulemavu ni nani ameshika fedha, maswali na matokeo. Nilipolisikia somo hilo darasani nililia, nasema kweli, kwa sababu nilidhani nimefika mahali sahihi. Naomba chuo kilichonipa somo lile kisiwafanyie watafiti wenza wangu yaleyale.

5. Wenzangu

Mwenzetu kiziwi tuliyeanza naye mwaka mmoja alikaa kwenye semina akifuatilia midomo ya wahadhiri waliokuwa wanazungumza huku wamegeukia skrini. Aliomba mkalimani wa lugha ya alama. Aliambiwa aje na wake. Aliahirisha masomo mwaka wa pili. Mwingine mwenye uoni hafifu anapewa makala zilizopigwa picha, ambazo programu yake ya kusoma kwa sauti haizioni kabisa, wakati nakala za maandishi zipo maktaba. Sina ruhusa yao kueleza zaidi ya hapo.

6. Muda

Nilipata kidonda cha kulalia mwaka wa tatu, nikalala kifudifudi wiki sita. Niliambatanisha cheti cha daktari. Niliongezewa muhula, na ada ya muhula huo nikatakiwa kuilipa. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo kidonda si dharura ya mara moja, ni jambo la kupangiwa tangu mwanzo, kama inavyopangiwa likizo ya uzazi.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu mengi nimeshaambiwa.

Itasemwa hakuna bajeti. Darasa la chini halina gharama. Kufuta mstari wa mlezi kwenye fomu hakuna gharama. Kukubali maswali kumi ya ziada ni uamuzi wa kikao kimoja. Kinachohitaji fedha ni wakalimani, wasaidizi na usafiri, na hivyo viwekwe kwenye maombi ya ufadhili tangu siku ya kuandika, kama mnavyoweka kompyuta na mafuta ya gari. Hakuna mfadhili wa utafiti wa ulemavu atakayeshangaa kuviona.

Itasemwa tuko wachache. Kwenye programu hii, ndiyo, tuko watatu, na mmoja ameshaondoka. Nchini, Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Uchache wetu madarasani kwenu ni matokeo ya ngazi zilezile nilizobebewa.

Itasemwa jengo ni la zamani. Sijaomba jengo jipya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ina miaka mingi sasa, na Ibara ya 24 ya Mkataba inataja elimu ya juu kwa jina, pamoja na wajibu wa kufanya marekebisho yanayomwezesha mtu kusoma sawa na wenzake. Kuhamisha kikao kutoka juu kwenda chini ni rekebisho dogo kuliko yote ninayoweza kulifikiria.

Na itasemwa, hili huwa linasemwa kwa sauti ya chini, kwamba mimi nimekaribia mno jambo ninalolitafiti, kwamba siwezi kuwa huru. Nimelifikiria sana. Ninapoingia kwenye nyumba ya mtu mwenye jeraha kama langu, naona vitu ambavyo mtafiti mwingine hupitwa navyo: namna alivyoshika ukingo wa godoro kujiinua kila baada ya dakika chache, mpira wa mkojo uliofuliwa na kuanikwa ili utumike tena, kiti kilichotundikwa. Pia naweza kudhani maumivu yake ni yangu wakati si yangu. Ndiyo maana nina watafiti wenza, nina msimamizi, nina shajara ya uwanjani inayosomwa na mtu mwingine. Daktari aliyewahi kuugua malaria hatumkatazi kutafiti malaria.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Ndani ya siku 30, Kamati ya Maadili iondoe sharti la saini ya mlezi kwa watu wazima wenye ulemavu wanaoweza kuamua wenyewe, na kwa anayehitaji msaada wa kuelewa, yeye mwenyewe amchague wa kumsaidia. Niruhusiwe kurudi kwa washiriki wangu, nikianza na mzee yule, kuomba ridhaa upya na kuwahoji bila ndugu. Katika Kamati hiyo wawekwe wajumbe wasiopungua wawili wenye ulemavu, wapendekezwe na vyama vyao, shirikisho la vyama hivyo, SHIVYAWATA, lipo na linafikika.

Kabla ya mwaka mpya wa masomo, vikao vyote vya kutetea maandiko na tasnifu vinavyomhusu mwanafunzi, mjumbe au msikilizaji mwenye ulemavu vifanyike mahali anapofika kwa uwezo wake. Kitengo cha fedha kikubali nauli ya msaidizi na hati ya malipo iliyosainiwa pale risiti ya EFD haipatikani. Mkalimani wa lugha ya alama aajiriwe na chuo, na mwenzetu aliyeahirisha aandikiwe barua ya kumwita arudi bila ada ya muda alioupoteza. Ada yangu ya muhula wa ugonjwa irejeshwe au ihamishiwe muhula ujao.

Na jopo linipe jibu la maandishi, lenye sababu za kitaaluma, kuhusu maswali yangu ya ziada. Kama sababu zitakuwa nzito nitazikubali. Nimekuwa mwanafunzi muda mrefu, najua kukosolewa.

Matokeo ya utafiti huu nimeahidi kuyapeleka vijijini kwa Kiswahili, yasomwe kwenye baraza la yule mzee kabla ya kusomwa kwenye mkutano wowote wa wataalamu. Ahadi hiyo nitaitimiza kwa msaada wenu au bila msaada wenu, ila ningependa sana iwe kwa msaada wenu.

Jibu naomba liwe la maandishi, lipitie masijala. Atakayelileta atanikuta maktaba, meza ya kwanza kulia unapoingia. Ndiyo meza pekee kiti changu kinapoingia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa nne
(Jina na namba yangu ya usajili vipo kwenye barua tatu mlizonazo.)

Nakala: Baraza la Chuo, Serikali ya Wanafunzi